Nilimwonyesha Paka Njia ya Kurudi

Makosa ni yangu. Nasema mapema ili msisome barua nzima mkitafuta wa kulaumu. Si mume wangu, si jirani, si paka. Ni mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, niliyemfanyia mama wa watu ujinga ambao hata mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu hangeufanya!

Jina nimeficha, ingawa watu wa mtaa wa West Indies hapa Eldoret watanijua wakifika aya ya tatu. Mtaani nikipita wanasema Mama Paka amepita, na mimi nina mtoto binadamu, anaitwa Pendo. Ilianza nikiwa namnyonyesha. Paka wa dukani aligongwa na lori la mahindi akaacha watoto wanne kwenye dari, na mwenye duka alikuwa ameshashika ndoo ya maji ya kuwazamisha. Nilipiga kelele, nikawabeba kwa leso. Tangu siku hiyo yeyote akiokota paka yatima anajua ni mlango gani wa kugonga.

Kazi yenyewe ni hii. Unawanywesha maziwa kwa kitambaa, unawapangusa matako kama vile mama yao angewalamba, unawafundisha kwenda haja kwenye majivu. Wakifika miezi mitatu mtu anakuja kuchukua, kwa sababu kila mwenye stoo ya mahindi ana panya. Hata maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti wanafunzi wanagawiwa shuleni, yamepita midomoni mwa paka nyumbani kwangu. Serikali inisamehe.

Nimetoa paka kumi na mmoja. Kila mmoja akienda naingia choo nalia, nanawa uso, natoka nikisema ni moshi wa makaa. Siku moja Baba Pendo aliniuliza kama nitalia hivyo yeye akihamishwa kazi. Nikamwambia inategemea.

Halafu akaja Meneja.

Jamani! Mweusi, kifua cheupe kama shati, na mwendo wa mtu anayekagua wafanyikazi. Anapita jikoni anaangalia sufuria, anapita kwa Pendo anaangalia nepi, anaenda kukaa mlangoni kama hajaridhika na alichoona. Alilala ndani ya kiatu cha Baba Pendo, cha kushoto tu, cha kulia hakukitaka. Neno la kwanza la Pendo halikuwa mama, lilikuwa "Neja". Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini.

Na huyo tayari nilikuwa nimemwahidi Mama Chebet.

Mama Chebet ni mama wa Chepkoilel anayetuletea maziwa. Nilipojifungua aliniletea mursik, yale maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, kwenye kibuyu, na akakaa akanifulia nepi bila kuombwa. Sasa panya walikuwa wanamlia mbegu alizotenga za kupanda mvua ikianza. Alining'iniza magunia kwa kamba, wakateremka na kamba. Alimsubiri Meneja miezi mitatu akue, akakataa paka wa watu wengine, kwa sababu alisema wa kwangu wamelelewa na heshima.

Kila mtu wa huku anajua jinsi paka anavyohamishwa. Unamtia ndani ya gunia, unafunga mdomo wa gunia, asione hata mti mmoja. Unamfungulia akiwa ndani ya nyumba mpya, mlango umefungwa. Akiona njia atarudi alikotoka. Mama Chebet alikuja na gunia lake, tena amelifua.

Nikamwambia gunia litamnyima pumzi. Nikasema wacha nimsindikize mwenyewe kwa kikapu, nifunge kifuniko vizuri. Alifurahi sana! Akasema hajawahi kuona mtu mwenye roho kama yangu. Nami nikainamisha macho kama mtakatifu.

Mumewe ana pikapu ya kubebea mikebe ya maziwa. Wao wakakaa mbele na Pendo, mimi nikapanda nyuma na kikapu, ati nishikilie mikebe isianguke. Tulipotoka mjini tu nikafungua kifuniko, nikamtoa Meneja, nikamwinua juu aone.

Nilimwonyesha barabara yote, wasomaji! Nikamwambia hii ndiyo kona. Hapa kuna mikaratusi, nusa. Hapa kuna posho mill ya kusaga mahindi, sikia mlio wa mashine, ukiwa unarudi ukifika hapa upinde kushoto. Kushoto! Namwambia paka apinde kushoto! Upepo unatupiga, masikio yake yamelala nyuma, mikebe inagongana, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu harusi yangu, na harusini viatu vilinibana.

Chepkoilel nilikunywa chai vikombe viwili, nikamuaga Meneja bila chozi. Mama Chebet akamwambia mumewe aone mama jasiri anavyokaa.

Siku ya pili mumewe alileta maziwa na habari kwamba paka haonekani. Nikashika kifua. Alipoondoka nilicheza na Pendo jikoni! Nikanunua matumbo, nikaacha mlango wazi, nikasema kesho asubuhi atakuwa hapa.

Kesho hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tano matumbo nilikuwa nimewapa mbwa, na kicheko kimeniisha. Nilianza kuwaza malori. Njia nilimpa mimi, na njia yenyewe ina magari.

Siku ya sita akaja Mama Chebet mwenyewe, amevaa nguo za kanisani siku ya kazi, macho mekundu. Hakukubali kukaa. Alisema ameuliza kila boma, ameuliza watoto wa shule, na mbegu zimeisha lakini si mbegu zilizomleta.

"Mama Pendo, ulinipa mtoto wako nikampoteza," alisema. "Nimekuja unikasirikie, kwa sababu hujasema kitu."

Hasira niliyokuwa nayo ingewasha jiko bila kiberiti, lakini yote ilikuwa yangu juu yangu. Na bado sikusema! Nilifunga mdomo, nikamfunga Pendo mgongoni, nikamwambia twende tumtafute.

Tulitembea barabara ile ile tukiita. Tulipofika posho mill, juu ya gunia la mahindi pale mlangoni, nani? Meneja! Mweupe mwili mzima kwa unga, anakagua foleni ya akina mama na madebe yao.

Nilimkimbilia nikipiga mayowe. Alinitazama vile anavyotazama sufuria tupu. Mwenye mashine, mzee mmoja wa kutoka Bungoma, alisema paka huyu alikuja mwenyewe, akakaa hapo kama mtu aliyeambiwa asubiri. Sasa panya wamehama, kwa hivyo ameajiriwa, hatoki.

Mama Chebet alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akauliza, "Lakini alijuaje barabara, na kikapu kilikuwa kimefungwa?"

Hapo, mbele ya foleni nzima, ikanitoka. Nilisema kikapu hakikufungwa. Nilisema nilimwinua. Nilisema mpaka ile ya kushoto.

Foleni iliangua kicheko. Mama mmoja alimwaga mahindi. Mzee alizima mashine ili asikie vizuri, akaniomba nirudie pale pa mikaratusi. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka pia, cheko na kamasi, siwezi kujizuia.

Mtu mmoja tu hakucheka.

"Ungeniambia tu kwamba unampenda," Mama Chebet alisema. "Ningechukua mwingine."

Akageuka, akashika njia ya kwao.

Maziwa bado yanakuja. Mumewe anayaacha mlangoni, Mama Chebet mwenyewe hashuki kwenye pikapu. Nikienda kusaga, Meneja ananipita anaenda kukagua wengine. Nilimnyima Mama Chebet paka, nikajinyima paka, nikajinyima Mama Chebet, yote kwa safari moja! Mpumbavu kama mimi mtampata wapi?

Nyinyi mnaolea viumbe vya kupeana, iwe paka, iwe mbwa, iwe mtoto wa dada aliyekuja likizo, ukishindwa kumtoa sema umeshindwa. Sema mwenzako akiwa bado anakunywa chai kwako. Usitabasamu ukikabidhi huku roho inapanga mengine.

Sasa nina watatu wapya. Mmoja, wa manjano, ameanza kulala shingoni mwangu, na mnajua hiyo inaelekea wapi. Nimemtuma mume wa Mama Chebet amwambie kwamba wakikua yeye ndiye wa kwanza kuchagua, hata akichagua huyo, na kwamba nimesema nampenda.

Jibu halijaja. Ila jana pikapu iliposimama Mama Chebet aliteremsha kioo kidogo, akauliza wana siku ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akapandisha kioo, wakaenda.

Wasomaji, msifanye ujinga mkafika mahali pa kusimama mlangoni kila asubuhi na sufuria mkononi, mkingoja kioo cha gari kiteremke.