Zayana na Kapulingi ya Pili

Zayana binti Hilal alikuwa chini ya gari lake, barakoa usoni, mafuta ya difu yakimdondokea shingoni, shemeji yake Mubarak alipokuja kusimama kando.

"Mama Saif, toka humo. Gari limekufa. Ijumaa nawashusha mbuzi wako sokoni Bidiya, na wewe ukae mjini kama watu."

"Halijafa, shemeji. Limeungua kiungo kimoja. Na wewe ukiumwa jino, hatukuziki."

Kiungo chenyewe ni kapulingi, inayokaa mbele ya difu, ile gia ya ekseli, na kuyapa magurudumu ya nyuma nguvu ya kuvuta. Bila hiyo, gari haliupandi mchanga. Lisipopanda, maji hayawafikii mbuzi huko juu. Mubarak alilijua hilo, ndiyo maana alikuja.

Zayana alishaifungua shafti, akachomoa waya, akalegeza bolti. Akaivuta kapulingi ikamwangukia kifuani, nzito kama mtoto aliyelala. Ilinuka moto.

"Ya pili hiyo," Mubarak akasema. "Ya tatu itaungua lini?"

Neno lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Akafunga kapulingi mpya na sili yake, akakaza, akajaza mafuta, akatambaa nje. Ndipo macho yake yakatua kwenye magurudumu: ya nyuma yamelala, ya mbele yamevimba.

Baba yake, kila akiingia mchangani, alitoa upepo nyuma tu. Watu wote huko hufanya hivyo, maana pikapu zao huvuta nyuma. Zayana naye kafuata. Lakini gari lake huvuta kote. Magurudumu yaliyolala huzunguka mbio kuliko yaliyovimba, na kapulingi katikati inasuguana mpaka inaungua.

Akachuchumaa, akaanza kutoa upepo mbele.

"Unafanya nini? Utazama huko," Mubarak akasema. "Mzee Hilal hakufanya hivyo hata siku moja."

"Mzee Hilal hakuwa na gari hili. Mungu amrehemu, kwa hili alikosea, na mimi nimekosea mara mbili. Mara ya tatu hamuipati."

Akapima yote manne mpaka yakalingana, akapakia mapipa ya maji, akawasha. Mchanga ukashika mbele, ukashika na nyuma. Gari likapanda bila kukoroma.

Huko juu mbuzi walikuja mbio. Zayana akachungulia dirishani, akamwona Mubarak chini, mdogo kama kisiki.

"Kahawa yako nitaipikia huku, shemeji," akaita. "Ukiwataka mbuzi, panda kwa miguu."