Ukuta wa Nyuma na Maji ya Lupango

Nakumbuka siku ile nilipogusa ukuta wa nyuma wa nyumba yangu, kidole kikaingia. Sisemi ufa, mwanangu. Kidole kiliingia kama kwenye bukari. Upande wa pili wa ukuta ule mke wangu Kapinga alikuwa amelala na mtoto wetu wa kwanza, ametoka kuzaa juzi tu, na mvua za Likasi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Nakuandikia haraka, kwa sababu leo mawingu yamekaa vibaya na mimi situlii. Nimesikia umeita mafundi waje wafunike lupango wako, uwanja wote wa nyumba, kwa simenti, toka mlangoni mpaka kwenye uzio. Waambie wangoje. Soma kwanza.

Nyumba ile niliijenga mwenyewe. Shule niliiacha mapema, nikawa napakia malori ya mgodi wa Kakanda, na siku za mapumziko nachimba udongo palepale kwenye lupango, nafyatua matofali, nayaanika. Ndivyo tulivyojenga wote mtaani kwetu: nyumba inatoka kwenye shimo, na shimo linabaki nyuma ya nyumba. Mtu akiniuliza nani alinisaidia, nilimwonyesha mikono. Kwa hiyo ukuta ulipolegea nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nikachukua jembe. Mkosaji nilimjua, ni watu wa lupango wa juu. Dawa nayo niliijua: mfereji mmoja mnyoofu, maji yapite nyuma yashuke kwa Papa Mwamba, jirani wa chini, yakajitafutie njia huko.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kumhudumia binti yake. Mwanamke wa wavuvi wa ziwa Tshangalele, mfupi, sauti kavu. Unajua heshima yetu: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, wala hamsemeshi uso kwa uso. Kwa hiyo usiku alilala hapo chini, kwa Papa Mwamba, na mchana akija kwangu alinipa mgongo na kuongea na dirisha la Kapinga.

Nilipopiga jembe la kwanza, akaliambia dirisha: «Kapinga, ambia bwana yako aache jembe.»

Kapinga kutoka ndani: «Mama anasema uache jembe.»

«Nilisikia.»

«Mama, anasema alisikia.»

«Kama alisikia, juu ya nini iko nachimba? Muulize, ile mayi inatoka wapi?»

«Inatoka kwa bantu ba kule juu,» nikasema.

«Aliiona na macho?»

«Ambia mama, mayi inashukaka. Haipandake.»

Kapinga alicheka mpaka mtoto akaamka. Mama mkwe hakucheka. Akasema: «Basi ambia bwana yako mayi inashukaka mpaka kwa Papa Mwamba, na kule kitanda kiko cha minye mama yako. Na umuambie ingine. Mutoto wa binti yangu hatalala nyuma ya ukuta wa potopoto. Mvua kubwa ikikuta ukuta iko vile, nitababeba bote babili, tutarudia Tshangalele.»

Hapo jembe likawa zito. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kutisha bure.

Mchana mvua ilinyesha, si kubwa. Akaagiza kupitia dirishani nisiingie ndani, nisimame palepale nitazame. Nikasimama, beseni kichwani, nimefura kwa hasira. Na nikaona. Maji ya watu wa juu yalipita kando ya uzio, yakatoka barabarani, hata hayakunitazama. Yaliyokula ukuta wangu yalitoka kwenye paa langu mwenyewe. Yalidondoka chini ya ukuta, yakakaa, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa umegeuka sahani. Fagio, mwanangu. Sisi watu wa hapa hatuwezi kuona uwanja haujafagiwa asubuhi; jirani atasema nini. Kila siku fagio linachukua udongo kidogo kando ya kuta na kuusukuma kwenye uzio. Miaka inapita, uzio unapanda kilima, miguu ya nyumba inabaki wazi, katikati panazama. Na mwanamume anamtukana jirani.

Nikasema sawa, maji ni yangu, nitayameza mwenyewe. Nitayaelekeza kwenye lile shimo la matofali, nilijaze mawe, maji yapotelee humo. Mtu mmoja wa mjini alifanya hivyo na kwake hapatuami tone.

Dirisha likaulizwa: «Alijaribu?»

Jioni nikamwaga ndoo za maji shimoni. Asubuhi nikaenda kutazama, nikakuta kuku wanakunywa.

«Kapinga,» mama mkwe akasema nyuma yangu, «ule udongo haiko ule alifanya nao matofali?»

«Ni ule,» dirisha likajibu.

«Ni sababu unashikaka. Ungekuwa mchanga, hangepata tofali hata moja. Sasa anataka umeze mayi?»

Ikabaki njia ile niliyoikimbia: kwenda kuongea na Papa Mwamba. Lupango wangu unainama kwake, na mtaro wa barabara uko chini ya lupango wake. Nikaenda na uso wangu wa kiburi. Alikuwa anapalilia matembele.

«Mayi yako ikifika kwangu,» akasema kabla sijakaa, «nitakurudishia na ndoo. Na mukwe wako nitakurudishia pia, atalala kwako, tutaona utafanya nini.»

Nikamwambia mfereji hautapita katikati, utafuata uzio. Nitachimba upande wangu na upande wake pia. Nitaupanga mawe ili usimlie udongo wake. Na kila mwaka kabla ya mvua mimi ndiye nitakayeuzibua. Akaangalia matembele yake, akaangalia uzio. «Upite karibu na haya matembele,» akasema. «Yanywe kwanza.»

Nilichimba bila kupumzika, natazama juu, nachimba. Udongo uliofagiwa nikautoa kwenye uzio, nikaurudisha chini ya ukuta, nikaushindilia uinamie nje. Shimo nikalifukia. Kila hatua nilimwaga maji ya beseni. Yakisimama, nachimba tena pale.

Mvua kubwa ikaja Jumapili, watu wanatoka misa. Nilikimbia nyumbani na suti. Maji yalidondoka kutoka paani, yakateremka, yakashika mfereji, yakapita matembele ya Papa Mwamba, yakaangukia kwenye mtaro wa barabara. Nikaweka kiganja ukutani. Mgumu.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko, mgongo kwangu. Safari hii hakuliita dirisha. Akasema tu, mbele yake: «Kesho nitarudia kwangu.» Na kesho yake akaondoka. Peke yake.

Yule mtoto wa nyuma ya ukuta ni mama yako.

Kwa hiyo nisikie. Simenti haimezi maji, inayasukuma tu, na wewe hujui inayasukuma kwa nani. Usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mvua ikinyesha leo, toka nje ulowe, tazama maji yanaanzia wapi na yanataka kwenda wapi. Mwaga ndoo kwenye shimo, ukaone asubuhi. Udongo ukiyanywa, chimba shimo la mawe mbali na ukuta. Usipoyanywa, chimba mfereji, lakini kwanza nenda kwa jirani wa chini, ukae, umalize maneno. Na waambie wanaofagia warudishe udongo kwenye miguu ya nyumba.

Mungu akupe ukuta mkavu na jirani anayekuita kwa jina. Mvua inyeshe juu ya paa lako watoto wako wasigeuke usingizini, na wewe mwenyewe ulale. Mimi nitalala ukishanipigia simu kwamba umetoka kutazama.