Vipimo vya Beki wa Kushoto

Jumamosi nilipeleka suruali yangu ikapunguzwe kwa fundi cherehani mmoja wa Magarama, hapa Gitega. Fundi huyo ni mzaliwa wa Muyinga, na binti yake ni beki wa kushoto wa timu ya taifa ya wasichana, iliyokuwa inacheza ugenini siku hiyo. Mtaa mzima unajua alivyomkataza mpira, na kwamba hajawahi kumtazama akicheza.

Mteja mmoja akaegemeza simu yake kwenye cherehani. "Fundi, angalia mtoto wako."

"Mi niko na kazi," akajibu bila kuinua kichwa.

Ulipoanza wimbo wa taifa, mguu wake ukatulia kwenye pedali. Kamera ilipomfikia binti, fundi alisogeza miwani, akapeleka vidole viwili mbele ya kioo cha simu kama anayeshika kitambaa.

"Amekonda. Na hii jezi, bega inaanguka. Nani alishona hii?"

Tulifungwa matatu. Sisi tulimlaumu kipa, refa na hata nyasi. Fundi alitazama hadi mwisho, suruali yangu mapajani.

Jumatatu nilimkuta anashona jezi nyekundu, mgongoni namba tatu, ile ya binti yake. Nikamwambia kwa upole, "Fundi, timu ina jezi zake. Kwenye marudiano hawatamruhusu avae hiyo."

Akaiinua, akaipima kifuani mwake mwenyewe.

"Nani amekwambia iko ya kwake?"

Suruali yangu bado ni ndefu. Sitaiulizia mpaka marudiano yapite.