Mchumba wangu anatoa pole pale tu penye watu

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti wa Kimandolu, hapa Arusha. Nina mchumba, tumwite Eli. Posa ilishaletwa. Nyumbani wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi, nimeshazoea.

Sifa yake kubwa ni pole. Kukiwa na msiba anawahi kufika, anashika mikono ya wafiwa, machozi yanamlenga. Wamama wa kanisani wananiambia nimeokota dodo.

Sasa Jumapili moja nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori, Eli kakaa mlangoni tunapiga stori. Kisu kikateleza, kikanichana kiganja. Damu, wakuu!

Nikapiga kelele, nikamtazama.

Alikuwa ananiangalia tu. Hakushtuka wala kuinuka. Anausoma uso wangu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

(Huku kwetu ukijikwaa, hata mpita njia asiyekujua anakupa pole. Inatoka yenyewe.)

Mama akasikia, akaja mbio. Hapo hapo Eli akasimama: "Pole mpenzi wangu, pole sana jamani!" Na machozi juu. Mama akaanza kumbembeleza yeye.

Usingizi ukakata. Nikasoma soma mtandaoni kuhusu ma-psychopath, kwamba mtu anaweza kuelewa fresh kabisa kuwa unaumia, ila maumivu yako yasimguse. Mimi si daktari, simpimi mtu. Nikaona nimuulize mwenyewe, kistaarabu.

"Eli, nikiumia, wewe unasikiaje?"

Akafikiri kweli kweli. "Nasikia natakiwa kusema pole."

"Siku ile nimejikata mbona hukusema?"

"Si tulikuwa wawili tu?"

Hakukasirika. Alijibu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda Sokon One. Niliogopa kuliko siku ya kisu.

Hajawahi kunipiga wala kunitukana, ndiyo maana nachanganyikiwa. Mama nilipomwambia akashangaa: "Mwanangu, unataka kumwacha mtu kwa ajili ya pole?"

Nimeomba sendoff, ile sherehe ya kuniaga, iahirishwe kwanza. Nyumbani wamenuna.

Nilichojifunza: kujua kuwa mwenzio anaumia ni kitu kimoja, kuumia naye ni kingine.

Mlio kwenye ndoa, niambieni ukweli, hata mkinisema sawa. Nakuza mambo? Maana wageni wa harusi wakishaondoka, tutabaki wawili tu.