Mtamba wa Kuposea Kazi

Wenzake Boniphace hawakuielewa haraka yake. Miaka ile mtu akimaliza chuo cha kilimo hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta yeye. Nchi ilikuwa changa na wataalamu ni haba. Mkuu wa chuo alisimama mbele ya wahitimu, akataja nani anakwenda wapi, na kila mtu akafunga sanduku lake. Sasa hapo kuna nini cha kupanga? Walimtania kwamba anaihangaikia mvua wakati mawingu yamekwisha kutanda. Boniphace alicheka nao, lakini mwaka wake wa mwisho chuoni, huko upande wa Mwanza, ulipita akiwaza jambo moja tu: apangiwe Bunda.

Sababu yake iliishi Guta, ikichunga ng'ombe wachache huku macho yakizidi kuingia ukungu. Ni baba yake, Mzee Mayala. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake Kija ameolewa Kibara, na mwana wa kiume alikuwa Boniphace peke yake. Mzee alilima pamba mpaka mgongo ukapinda ili kijana asome, na hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja. Boniphace alitaka kulala nyumbani kwao na kwenda kazini kwa baiskeli. Akipelekwa mbali, nani angemwongoza mzee kwenda kisimani? Majirani ni wema, ndiyo, lakini jirani naye ana kwake.

Basi likizo ya mwisho ilipofika hakukaa chini. Alianzia Musoma, ofisi za mkoa, na huko karani mmoja mwenye huruma akamfumbua macho: mkuu wa kituo akimwomba mhitimu kwa jina, mara nyingi hupewa. Akapita Butiama, alikokuwa na mjomba wake, kuuliza kama kijiji kinahitaji bwana shamba. Wakamwambia wanaye, tena mzuri. Ikabaki Bunda, pale alipopataka tangu mwanzo.

Mkuu wa ofisi ya pamba pale Bunda aliitwa Wenceslaus, mtu wa Bukoba, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Boniphace mpaka mwisho, akamwuliza habari za viwavi wa pamba, akamwuliza habari za mbolea, kisha akamwuliza kwa nini hataki kwenda mjini kama vijana wengine.

"Baba yangu haoni vizuri, mzee," Boniphace alijibu. "Na niko peke yangu."

Wenceslaus akamtazama. "Rudi chuoni ukasome. Nafasi ninayo moja. Nitakuomba wewe."

Boniphace alitembea kutoka Bunda hadi Guta bila kuona urefu wa njia. Alimkuta mzee zizini, anawapapasa ng'ombe migongo, maana siku hizi aliwatambua kwa mikono.

"Baba, mkubwa amekubali! Nitafanya kazi hapa hapa Bunda."

"Amekubali hivi hivi?"

"Hivi hivi, baba."

"Hukumpelekea kitu?"

"Serikali haipelekewi kitu."

Mzee Mayala akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwaga hatuendi kwa watu hivyo. Mtu akikupa kitu kikubwa, unaendaga na wazee, unasema asante kabla hajaghairi. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

Boniphace akacheka. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapendi kufafanua mambo. Angekaa dakika chache tu, akamweleza mzee dunia mpya inavyokwenda, hadithi hii isingekuwepo. Hakukaa. Siku ya kuondoka alisimama kwenye lango la zizi, akainamisha kichwa abarikiwe, kama ilivyokuwa kawaida yao. Mzee akachukua maji kinywani, akampulizia utosini, akamwambia aende salama.

Mitihani ikaja, ikapita, na Boniphace akafaulu vizuri. Siku ya kupangiwa vituo alikaa mstari wa mbele, ametulia, kama mtu anayesubiri chakula alichokwisha kukinusa. Mkuu wa chuo akataja Bunda, likafuata jina la mtu mwingine. Akataja Newala, kule kusini kabisa kwenye korosho, likafuata jina la Boniphace Mayala. Wenzake wakaangua kicheko, mtu wa pamba kutupwa kwenye korosho! Walipomwona uso wakanyamaza.

Alipofika Bunda hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda ofisini moja kwa moja, na Wenceslaus alipomwona aliinuka akafunga mlango.

"Kaa chini, kijana. Sikupenda, lakini sikuwa na njia."

Akamsimulia. Boniphace alipokuwa amesharudi chuoni, ulifanyika mkutano wa wafanyakazi pale uani, viongozi wa chama wamekuja, Mwongozo unasomwa, na kila mkubwa anatazamwa kama ni mla rushwa au mnyanyasaji. Katikati ya mkutano wakaingia wazee watatu wamevaa nguo zao nzuri. Mbele alikuwa Mzee Mayala, ameshika kamba, na nyuma ya kamba mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mwenzake, Mzee Kwangu, ndiye aliyeongea, kwa sababu alikuwa mshenga mzoefu aliyewaposea vijana wengi. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba wamesikia mkubwa amekubali kumchukua kijana wao, nao si watu wasio na adabu. Wamekuja kuposa kazi. Mtamba ndiye huyu, na kama hatoshi, waseme.

"Watu walicheka mpaka machozi," Wenceslaus alisema. "Lakini viongozi hawakucheka. Wakaniuliza nimekubali nini, na kwa ng'ombe wangapi. Mimi ni mgeni hapa, Boniphace. Ningekuchukua wewe baada ya hapo, mimi na wewe tungekwisha. Nikamfukuza baba yako na ng'ombe wake, na jina lako nikalifuta mbele yao wote."

Akatazama dirishani. "Aliniaga kwa heshima wakati wa kuondoka. Nimemfukuza, naye ananiaga kwa heshima."

Boniphace alikwenda Guta akiwa anachemka. Mzee alizitambua hatua zake kutoka mbali, akainuka na tabasamu lenye hofu, kwa kuwa siku zote hizo hakuwa na uhakika kama kuna kilichoharibika.

"Umeniharibia maisha, baba!" Boniphace alisema kabla hata ya salamu. "Mimi ni mtoto wa kike wa kuposwa? Watu wote wa Bunda wanatucheka! Wananipeleka Newala, mwisho wa nchi!"

"Nilitaka wakuchukue vizuri," mzee alisema polepole. "Wasije wakakuona mtu asiye na kwao."

Maneno hayo yangemvunja nguvu siku nyingine. Siku ile hayakuingia. Hasira ni hasara, na hasara ya Boniphace ilikuwa kubwa. Asubuhi alibeba sanduku lake. Mzee Mayala alikuwa amesimama langoni na kibuyu cha maji, anageuza uso huku na huku kutafuta sauti ya miguu. Boniphace akapitia nyuma ya nyumba.

Newala alifanya kazi kwa bidii. Aliwapenda watu wa kule, na wao wakampenda. Jioni alipanga tena, maana kupanga hakukumtoka: atakaa muda unaotakiwa, ataomba uhamisho, atarudi, ataomba radhi. Hayo ya radhi aliyaona mazito kuyatuma kwa mtu, akayaweka mpaka atakapofika mwenyewe. Ikaja telegramu badala yake. Treni, mabasi na barabara zilizokatwa na mvua zilimchelewesha, na alipofika Guta udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka.

Kija, dada yake, alimpokea. Walilia pamoja, kisha akampa uji akamwambia anywe kwanza.

"Alikuwa anaumwa nini?" Boniphace aliuliza.

"Kichomi. Alinyeshewa." Kija akamsogezea uji. "Kaka, baba alikuwa amesafiri."

"Kwenda wapi na macho yale?"

"Alikuwa anaulizaga watu kila siku, Newala ni upande gani. Watu wakawa wanamjibu kwa utani tu, fuata barabara mzee, utafika. Akaondoka peke yake na yule mtamba. Amekua ng'ombe mkubwa sasa, ana mimba. Walimkuta mbele ya Bunda, kwenye mvua, amekaa chini, kamba ameifunga mkononi asimpoteze."

"Alikuwa anakwenda kufanya nini?"

"Alisema anakwenda kwa mkubwa wako wa huko. Alisema kule Bunda alikosea, alikwenda na watu wengi, akamwaibisha yule bwana. Safari hii atakwenda mwenyewe, ataongea pembeni, aombe wamrudishie mtoto." Kija akajifuta macho na kanga. "Alisema wewe si mtu wa kukasirika bure. Lazima alikuumiza sana."

Boniphace hakuweza kuumaliza ule uji.

Alikaa siku alizoruhusiwa. Alitengeneza uzio, akamkabidhi Kija mifugo yote, ila yule mweusi mwenye baka hakuweza kumgusa. Asubuhi ya kurudi Newala akachukua sanduku lake, akaenda kwenye lango la zizi, akaliweka chini, akainamisha kichwa. Jua likapanda. Kija, aliyekuwa amekwisha kumuaga, akatoka ndani akamkuta bado amesimama vile vile.

"Kaka, basi litakuacha. Unasubiri nini?"

"Baba," alisema.