Tovuti ya Dada wa Kuchapa

Watu wema huniambia nisamehe yaishe. Nawasikia, nawaitikia, kisha naendelea na kazi zangu. Yule bwana aliniibia tovuti yangu nzima, akaenda kusema redioni kwamba mimi nilikuwa dada wa kuchapa tu. Siku niliyomrudishia nilifurahi mpaka pilau ikanishinda. Sitaki mtu anipunguzie furaha hiyo hata kidogo.

Nina steshenari karibu na stendi hapa Bagamoyo. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa kadi za harusi. Chuoni nilisoma kompyuta, na mteja akitoka mimi narudi kwenye tovuti yangu. Ilikuwa kitu kidogo: ukikuta wimbo popote mtandaoni unaweka linki yake pale usikupotee, na wengine wanapita kwenye rafu yako wakagundua wasiyoyajua. Nyimbo zenyewe sikuwa nazo. Nilikuwa na mahali pa kuziwekea alama.

Mwanzoni niliiga tovuti za wenzetu. Aina ya muziki, mwaka, msanii, visanduku vimepangwa utadhani fomu ya benki. Hakuna aliyeingia zaidi ya mimi na binamu yangu, naye nilimlazimisha. Mpaka akaja mama mmoja muuza samaki kutoka Mlingotini, kaja kutoa kopi ya kitambulisho, akaniona nasikiliza taarabu. Akauliza ninachofanya, nikamweleza. Akacheka.

"Mwanangu, mimi jina la wimbo silijui, mwaka ndiyo kabisa. Mimi nautaka ule wa kumwambia mtu nimekuona ila sikusemi. Unao?"

Nilikuwa nao! Lakini kwenye tovuti yangu asingeupata hadi anazeeka. Huku kwetu wimbo haujulikani kwa mwaka, unajulikana kwa kazi yake na kwa unayemlenga. Wiki ile ile nikang'oa visanduku vyote nikaacha swali moja: wimbo huu ni wa nini? Jamani, watu wakafunguka. Wa kumtoa mwali. Wa kufua nguo nyingi. Wa kumnunia mume asijue kanuniwa. Wa gari kuharibika njia ya Kiwangwa. Mtu akihifadhi wimbo kwa kazi fulani, nikamwonyesha rafu za wengine waliouhifadhi kwa kazi hiyo hiyo. Ilinichukua muda kuisawazisha, kwa sababu wa kumpokea mkwe na wa kumsema mkwe ni vitu viwili, na kompyuta kwake ni mkwe tu. Kila wimbo wa mafumbo nikausikiliza mwenyewe, neno kwa neno, ndipo nikaukubali mahali pake.

Sasa huyo bwana. Tulisoma pamoja, tulikula sahani moja, akawa ananisaidia kuweka tovuti hewani. Yeye amekulia Dar na spika za masikioni. Taarabu kwake ni kinanda na fidla, maneno hayamhusu. Siku moja akaacha kupokea simu zangu. Muda si muda nikamsikia redioni, pale pale dukani, na wateja wamejaa. Anazungumzia mfumo wake mpya wa kugundua muziki kwa shughuli za Kiswahili. Kila lebo ni yangu. Mtangazaji akamuuliza kama alikuwa na mwenzake. Akasema, kwa sauti ile ya kutoa sadaka, "Kulikuwa na dada mmoja wa steshenari huko Bagamoyo, alinisaidia kuchapachapa."

Kuchapachapa! Niliigonga redio ikazima. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Nikampigia kwa namba ya jirani, akapokea. Sikumsalimia. Nikamwambia aseme kazi ni ya nani, basi, sitaki kingine. Akacheka kidogo.

"Dada, usikasirike bure. Linki ni za watu wote. Wewe umeandika maneno tu."

Nikakata. Nikasema moyoni, haya baba, maneno tu. Utanikoma.

Nikaanza kuifuatilia tovuti yake. Siku moja mtu alikuwa ameandika kwangu wimbo wa kumpamba bibi harusi, kidole kikateleza, ikawa kumbamba bibi harusi, utadhani kaiba. Sikuwahi kusahihisha. Kesho yake iko kwake vile vile, bibi harusi kabambwa. Ndipo nikajua kwamba hakuiba mara moja akaenda zake. Ameweka mtambo unaokuja kwangu kila alfajiri kuchota kila ukurasa. Nikauona kwenye kumbukumbu za seva, unapita mlango kwa mlango, hausikilizi wimbo hata mmoja. Kuufungia ningeweza, ni kazi ya dakika. Lakini nikiufungia ninazuia tu atakayoiba kesho, ya jana yanabaki yake na jina linabaki lake. Mimi nilitaka aseme, kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba ni yangu.

Kisha ikaja kadi ya harusi kuchapwa. Familia ya wafanyabiashara, watu wa heshima, wananialika kila shughuli. Chini kabisa ya kadi nikakuta jina la mpiga muziki: ni yeye, na mfumo wake. Nilichapa kadi zile kwa mkono mtulivu kabisa. Nikazikata vizuri, nikazifunga na utepe.

Halafu nikaandika mistari michache kwenye tovuti. Mgeni wa alfajiri akija, apewe ukurasa wake peke yake. Watu wangu wengine wote waone ya sahihi. Katika ukurasa wa mgeni nikabadilisha kitu kimoja tu: penye wimbo wa kumpokea mama mzaa bwana harusi, nikaweka wimbo wa mkeka. Sauti yake laini, fidla inalia, unaweza kuubembelezea mtoto. Unaimba habari za mkeka uliookotwa jalalani, ukafutwafutwa, leo umetandikwa ukumbini na unajiona zulia. Asiyesikiliza maneno husikia mkeka, husikia ukumbi, akaona harusi hiyo. Lakini hapa mwanamke yeyote aliyekwisha kukaa mkekani anajua unamsema nani: mke wa kuja, aliyeingia kwenye ukoo akajifanya mwenye nyumba. Na mama wa bwana harusi na wifi yake, dada wa mumewe, hawakuwa wakisalimiana, mji mzima unajua.

Shughuli ya akina mama ilikuwa alasiri. Nikavaa vizuri, nikajifukiza udi, nikakaa katikati. Yule bwana yuko pembeni na laptopu yake na maspika, kaniona, kanipungia mkono kama mfadhili. Mama wa bwana harusi akafika na watu wake, vigelegele. Bwana akashika maiki.

"Mama yetu anaingia! Na wimbo huu umechaguliwa maalumu na mfumo wangu nilioutengeneza mwenyewe!"

Fidla ikaanza. Ubeti wa kwanza ulipopita, vigelegele vikakatika. Wanawake wakatazamana. Ubeti wa pili ulipotaja jalala, wifi mtu akasimama, taratibu, akachomoa noti kwenye sidiria. Huku wimbo ukikugusa unamtunza mwimbaji, na ukitaka mwenzako aguswe unaitoa noti mbele ya macho yake. Mwimbaji hayupo, spika tu, lakini wifi hakujali. Akacheza hadi kwa mama wa bwana harusi, akaipunga noti ile pale usoni, akaizungusha, akaenda kuiweka juu ya spika. Ukumbi ukalipuka. Nusu wanacheka, nusu wanasema astaghfirullah. Na yule bwana, maskini ya Mungu, akadhani shughuli imekolea. Akaongeza sauti!

Mama wa bwana harusi akamfuata pale pale. Mama mwenye mwili wake, dhahabu mikononi.

"Wewe mtoto, nani kakutuma unitukane siku ya mwanangu?"

"Mama, sijatukana, ni wimbo wa kupokea..."

"Kupokea nini? Mimi mkeka wa jalalani? Si umesema umeuchagua mwenyewe?"

Bwana akatazama laptopu, akatazama wanawake waliomzunguka, jasho linamtiririka. Maiki bado mkononi, bado imewashwa. Ndipo akasema, na sauti ikatoka kwenye maspika yote mawili: "Si mimi, mama! Haya maneno siyo yangu! Yote ni ya yule dada wa steshenari, yote kabisa, mimi nimenakili tu!"

Akaninyooshea kidole. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Kukataa kulikuwa rahisi. Ningesema simjui, angeonekana mwizi na mwongo juu, na mimi ningerudi nyumbani salama na heshima yangu. Kukiri ni kubeba tusi lile la mkeka kichwani mbele ya mji. Lakini nilikuwa nimelisubiri neno hilo kupita kiasi, na sikuwa tayari kulirudisha kwa sababu limekuja na matope. Nikasimama, nikainyoosha kanga yangu.

"Ni kweli, mama. Ni yangu. Kila neno."

Akanisogelea. Nikajiandaa kwa kofi, nakwambia kweli. Nyuma yake wifi alikuwa bado anacheza, kaegemea spika, anameremeta kwa raha, na mama wa bwana harusi akageuza shingo akamwona. Akanirudia mimi.

"Mimi na wewe tutazungumza kesho, na utanieleza vizuri," akasema. "Lakini kama kweli ni yako, nitafutie sasa hivi wa kumjibu huyu."

Nikafungua simu yangu. Sikuhangaika hata kidogo, rafu nzima naijua. Nikapita katikati ya wanawake hadi kwa yule bwana, nikamwambia achomoe waya kwenye laptopu yake auchomeke kwenye simu yangu.

Akachomeka.