Mita Sitini za Anneth

Wageni wanaofika sokoni Tengeru hudhani kwamba Anneth Eliasi huitwa Mama Sitini kwa sababu ya umri wake. Yeye hucheka, kwa kuwa ana miaka arobaini na mitatu tu. Jina hilo alilipata mwaka juzi kando ya ziwa dogo lililo chini ya Akheri, akiwa na tepu ya fundi cherehani mkononi.

Baba yake, Mzee Eliasi, alikuwa akivua perege kwa ndoana ziwani humo kila siku tangu alipostaafu kazi ya shamba la kahawa. Goti lake la kulia limechoka, lakini njia ya kupita migombani ilikuwa fupi na tambarare, naye aliimudu kwa mkongojo. Ndipo ikaja kampuni ya boti za starehe, ikasimika uzio wa wavu wa chuma na kuifunga njia ile. Iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka kwenye mawe. Mzee aliijaribu mara moja, akaanguka. Tangu siku hiyo alishinda uani, na chakula akawa anakionja tu.

Anneth alimwendea meneja, kijana aitwaye Brian.

"Shikamoo, mama. Mzee akitaka samaki, aje mgahawani kwetu. Tunakaanga vizuri."

"Marahaba. Baba hataki kukaangiwa. Anataka njia yake."

"Hapa ni eneo la kampuni, mama."

Bango la halmashauri, hatua chache kutoka hapo, lilisema vingine: ujenzi wa kudumu hauruhusiwi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Anneth alilisoma mara mbili. Kesho yake akapita kwenye mawe hadi majini, akaanza kupima kuelekea kwenye uzio, tepu baada ya tepu. Akapata mita arobaini na nusu.

Hata hivyo, hakuridhika. Tepu ya kitambaa huvutika kwa matumizi, na alipoilinganisha na rula ya chuma aliikuta imerefuka karibu sentimita mbili. Tepu iliyovutika huonyesha umbali mfupi kuliko ulivyo, na kosa hilo lingemfaa yeye. Aliiweka kando, akanunua mpya, akarudi kupima upya: mita arobaini na moja. Ndizo alizoandika katika barua yake kwa halmashauri.

Baada ya mwezi mmoja, afisa mazingira, Bi Fransiska, alifika. Nusu ya kijiji ilikuwa imemtangulia.

"Mama, hili ni ziwa, siyo gauni!" Brian alisema alipoiona tepu shingoni mwa Anneth.

"Kwenye gauni nikikosea inchi moja, mteja ananirudishia. Ninyi mmekosea mita kumi na tisa."

Watu wakaangua kicheko. Bi Fransiska akanyoosha futikamba yake ndefu kutoka majini hadi kwenye uzio, akainama, akasoma, akasoma tena.

"Arobaini na moja, kasoro sentimita nne."

"Inatakiwa ngapi?" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Sitini!" wakajibu wote, na vigelegele vikavuka ziwa hadi ng'ambo.

Kampuni ilipewa siku kumi na nne kuurudisha uzio nyuma hadi mita sitini na kuiacha wazi njia ya migombani. Ilitumia tisa. Boti ziliendelea na safari zake, na asubuhi ya siku ya kumi Mzee Eliasi alipita migombani, mkongojo mkono mmoja, ndoana mkono mwingine. Brian alikuwa gatini.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana. Ila usininasie wateja."

"Marahaba. Wakiwa wanono, siahidi."

Alasiri alirudi na perege wanne, akadai ugali mkubwa kabla hajavua viatu. Anneth aliketi jikoni na beseni, akaparua magamba. Alipomaliza wa nne, akawasuuza wote, akawapaka chumvi, akamwaga maji machafu kwenye shina la mgomba.